Ndege Aliyeitwa Mwasiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndege aliyekufa. Bwana Maliasili wa wilaya, mtu mrefu wa kaptura ya kaki na soksi zilizopanda mpaka magotini, alimlaza juu ya gazeti mezani kwangu, akaniambia nimweleze kwa maandishi kuanzia mdomo hadi kucha. Nilikaa pale ofisini Bagamoyo tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, nikajaza kurasa mbili kwa mwandiko wangu wa shule. Alizisoma akiwa amesimama, kisha akaweka kidole kwenye mstari niliosema kwamba mkia wake unapendeza.

"Nani kakuuliza kama unapendeza?" alisema. "Wewe andika unachokiona na unachoambiwa. Mawazo yako waachie watu wa nyumbani kwako."

Nikaona huyu bwana ana roho ngumu. Baadaye nilimpenda, na maneno yake niliyafuata miaka yote ya kazi, hata pale ambapo ingekuwa heri nisiyafuate.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Afisa Maliasili wa sasa, binti mwenye adabu zake, alinipigia simu. Ofisi inataka kuchapa upya kijitabu cha ndege wa pwani kwa ajili ya shule, na safari hii kila ndege awe na maelezo ya asili ya jina lake. Alikuwa amekwama kwa ndege mmoja tu, anayeitwa mwasiti, kwani kila aliyemuuliza alimpa hadithi yake. Jina hilo lilitoka kwenye daftari langu, na chini ya picha ya ndege huyo wameniandika kwa herufi ndogo kuwa ndimi niliyelikusanya. Katika utumishi wangu wote, hiyo ndiyo alama pekee niliyoacha ambayo mtu anaweza kuishika mkononi. Shida ni kwamba si jina la ndege. Nimelijua hilo kwa miaka mingi na sikumwambia mtu. Nikisema, kazi yangu inafutwa. Nikinyamaza, mwanamke mmoja wa Fukayosi ataendelea kuwa ndege mpaka vitukuu vyake. Nilimwambia binti anipe wiki mbili, nikakata simu nikiwa sijui nifanye nini.

Vijana wa leo mna simu zinazopiga picha, kwa hiyo nieleze kidogo jinsi tulivyofanya sisi. Kazi yetu ilikuwa kunasa ndege, kuwapima, kuwavisha pete na kuwaachia. Nyavu zilikuwa za uzi mweusi mwembamba mno; ukizitandaza mbele ya kichaka huzioni hata wewe uliyezifunga. Ndege akijigonga anaangukia kwenye mkunjo wa wavu, na hapo una dakika chache za kumnasua kabla hajachoka. Unaanza na miguu, halafu mabawa, kichwa mwisho. Ukikosea mpangilio huo unaweza kurudi kambini na maiti. Kisha anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba mdomoni, maana gizani hutulia. Bawa hupimwa kwa rula yenye kizuizi mwanzoni, uzito kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, na mguuni huvishwa pete nyepesi yenye namba, ikabanwa kwa koleo lenye tundu la kipimo cha pete yenyewe. Yote hayo huingia kwenye daftari la porini. Mwishoni mwa kila mstari wa daftari palikuwa na nafasi mbili za ziada: jina la wenyeji, na asili ya jina. Bwana Maliasili alizipenda sana nafasi hizo mbili. Mimi zilinitoa jasho.

Kwa ndege wengi hapakuwa na taabu. Chozi, shore, kurumbiza, mnana, hao mtu wa pwani anawajua tangu utotoni, na ukimuuliza kwa nini shore anaitwa shore anakutazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Nafasi ya asili ya jina nilikuwa naiacha wazi, naye Bwana Maliasili alikuwa ananirudishia daftari na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Mwaka wa tatu wa kazi nilipelekwa Fukayosi peke yangu, na hema, nyavu nne na baiskeli ya ofisi. Asubuhi ya siku ya pili, kwenye vichaka vilivyo nyuma ya mashamba ya mihogo, akanaswa ndege ambaye sikuwa nimewahi kumshika. Alikuwa mdogo wa kufichika kiganjani. Uso na kifua vyekundu, wekundu ulioiva, mgongo wa kahawia, na tumbo jeusi lenye madoa meupe yaliyopangika ubavuni. Huokota mbegu chini, na sauti yake nyembamba hupanda na kushuka hata ukadhani ni nyenje. Bwana Maliasili angenikaripia, lakini nasema: alikuwa mzuri, nilisimama naye mkononi muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa.

Nikamtia mfukoni, nikapanda baiskeli kwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji kuuliza jina. Nilikuwa na haraka, kwani ndege hapaswi kukaa kwenye mfuko zaidi ya saa moja. Kwa Mwenyekiti nikaambiwa yuko matangani. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa alikuwa amefariki siku mbili kabla. Nikafuata huko huko. Nilitoa pole, nikasoma Fatiha, nikakaribishwa kwenye mkeka wa wazee watano au sita waliokuwa wanakula wali. Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa mambo. Sisi wa mji wa kale Bagamoyo matanga yetu ni hitima, kahawa na kunong'ona. Wale wazee walikuwa wanacheka. Walidai nyama iongezwe. Mmoja wao, Mzee Kondo, alikuwa amevaa kofia ya marehemu upande na anakohoa kwa namna ambayo, nilielewa baadaye, ndivyo marehemu alivyokuwa akikohoa. Nilijiambia watu wa shamba wana moyo mkunjufu, nikaosha mikono na kula nao sinia moja.

Niliona hiyo ni bahati ya pekee. Wazee wa kijiji kizima wamekaa pamoja, wamechangamka, na mimi nina ndege asiye na jina. Nikamtoa, nikamshika kwa vidole viwili shingoni kama tulivyofundishwa, nikauliza anaitwaje.

Mzee Kondo akamtazama, akamgeuza, kisha akaangalia upande wa nyumba.

"Huyu ni Mwasiti," akasema.

Mkeka mzima uliangua kicheko. Mwasiti ni jina la mwanamke, hilo nililijua, nina shangazi wa jina hilo. Kwa hiyo nikauliza swali la ile nafasi ya pili: kwa nini Mwasiti?

"Humwoni? Watu wako msibani, yeye kavaa kisutu."

Asiyejua, kisutu ni ile kanga ya wekundu, weusi na weupe anayovishwa bibi harusi wa pwani, na kweli rangi za yule ndege zilikuwa hizo hizo. Nikaandika. Jina la wenyeji: mwasiti. Asili: rangi zake zafanana na kisutu. Wazee wakacheka tena, nami nikadhani wanacheka suruali yangu, ambayo ilikuwa imechanika gotini kwa baiskeli. Namkumbuka mwanamke kijana aliyekuwa anatuletea sinia la pili akageuka nalo akarudi ndani. Nilidhani amesahau kitu. Nikaaga, nikaenda kumwachia ndege pale pale nilipomnasa, kabla saa haijaisha, nikajisifu kwa hilo.

Mstari huo ndio ulionipandisha cheo. Mtaalamu wa Ndege, bosi wangu wa pili, aliyekuja kutoka makao makuu kuandaa kijitabu, alipitia madaftari ya wilaya nzima na kusimama kwenye mstari wangu. Alikuwa mtu wa miwani mizito, asiyecheka, lakini siku ile alipiga meza kwa kiganja. Akasema hatimaye kuna msaidizi anayejua kuuliza, na kwamba jina lenye hadithi ndani yake ni bora kuliko vipimo vya mabawa mia. Nikafanywa Msaidizi Mwandamizi, nikahamishiwa Miono kuendesha kituo kidogo cha chumba kimoja na ghala.

Huko Miono ndege huyo alikuwepo pia, kwenye vichaka vya kando ya mto. Niliwauliza wakulima wanamwitaje. Mmoja akasema ni kidege tu cha vichakani. Mwingine akaniuliza kama analiwa. Nilipomwambia haliwi, akasema basi hana haja ya kumjua jina. Nikaandika yote hayo, maana ndiyo niliyoambiwa.

Kisha kijitabu kikatoka, kikagawiwa mashuleni, na hapo nikavurugikiwa kabisa. Mwalimu Mkuu wa shule moja ya huko alinieleza, kwa sauti ya mtu anayemfunza mgeni, kwamba zamani bibi harusi mmoja aitwaye Mwasiti alikimbilia porini na kisutu chake akageuka ndege. Nikamuuliza kayasikia wapi. Akasema kwa wazee, akanitajia mzee. Nikaenda kwa huyo mzee. Akanisimulia vile vile, tena kwa kirefu, na bwana harusi akiwa kipofu wa jicho moja. Nikamuuliza naye kayasikia wapi, akasema kwa wajukuu zake wanaosoma kwa yule Mwalimu Mkuu. Nilirudi kituoni nikakaa kwenye kiti nisijue kicheko kianzie wapi. Nilianza kujiuliza labda jina lilikuwepo kabla yangu, na Mzee Kondo alilitaja tu kama wengine. Nilifungua daftari langu la zamani mara nyingi kusoma mstari ule, kana kwamba ungebadilika.

Ukweli ulinifikia kwenye matanga mengine, hapo hapo Miono, miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimekaa na jirani yangu tunakula, mara mzee mmoja akaanza kumkejeli mjane mbele ya watu: kwamba amenenepa kabla mume hajakauka kaburini, kwamba analia kwa jicho moja ili lingine limtafute mchumba. Watu wanacheka, na mjane mwenyewe anacheka huku machozi yanamtoka. Nikamuuliza jirani mbona wanamtukana mfiwa. Akanishangaa. Akasema hao ni watani wa ukoo, na kazi yao msibani ni hiyo, kusema lolote juu ya yeyote, asikasirike mtu. Matanga yakianuliwa hupewa kuku wao, huomba radhi, na maneno yao huishia hapo.

Nikaacha kula. Niliona mkeka wa Fukayosi, kofia ya marehemu upande, sinia linalorudi ndani. Nilikuwa nimekaa katikati ya watani siku ya utani wao, nikachukua neno lililotakiwa kufa jioni ile, nikaliandika kwa wino.

Nilipaswa kwenda kwa Mtaalamu siku ya pili yake. Sikwenda. Nilijiambia kijitabu kimekwishachapwa, nilijiambia Mwasiti yule huenda hata hajui, nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba niliogopa kurudishwa kuwa msaidizi wa kawaida, na niliogopa zaidi sura ya Mtaalamu. Aibu hiyo nimestaafu nayo.

Basi, baada ya simu ya yule binti, nilipanda basi la barabara ya Msata nikashuka Fukayosi. Mzee Kondo alishafariki zamani. Nilipouliza nyumba ya Bi Mwasiti, kijana wa bodaboda akaniuliza, "Mwasiti yupi, yule wa ndege?" na wenzake wakacheka. Sikucheka.

Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo, mama mzima mwenye wajukuu, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliniamkia, nikaitika, nikakaa, tukaulizana habari za afya na za mvua. Halafu nikajitambulisha, nikasema niliwahi kufika hapa kijijini kwenye matanga, siku nyingi, kwa kazi ya ndege. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Wewe ndiye uliyekuwa na mfuko," akasema.

Hakunipayukia, na hilo lilinitia taabu zaidi. Alinisimulia huku anaokota mawe ya mchele. Alikuwa na wiki mbili tu ukweni. Mkwe amefariki ghafla, yeye amelala chini siku mbili na kanga zile zile, asubuhi ile akazifua, ziko kwenye kamba mbichi zinadondosha maji. Kilichobaki kikavu kilikuwa kisutu. Alijua watani watamsema, akajifunga hivyo hivyo na kwenda kupakua chakula. Mzee Kondo alimsema, na jioni matanga yalipoanuliwa akaja mwenyewe kumwomba radhi na kumpasulia kuni. Yakaisha. Baada ya miaka binti yake mkubwa akarudi kutoka shule analia, na kitabu mkononi. Tangu hapo kila aliyemwona akipita alipiga mluzi. Kisutu alimpa jirani, na hajavaa kitu chekundu tena.

"Utani wa Kondo uliisha siku ile ile," alisema. "Wako ndio uliokuja kufundishwa kwa wanangu darasani."

Nilimwomba radhi. Sikutafuta maneno mengi, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia kijitabu kinachapwa upya, na safari hii nitaliondoa jina lake, liwe liwalo. Ila ofisi haiwezi kuacha ndege bila jina. Nikamuuliza kama anakumbuka, kabla ya siku ile, watu wa hapa walikuwa wakimwitaje.

Akasema anakumbuka. Bibi yake mzaa mama alimwita kwa jina lake, na akamwonyesha hata kiota chake. Sijui niwaeleze vipi nilivyojisikia. Baada ya maisha mazima ya kuuliza majina, hili ndilo nililolitaka kuliko yote. Nikatoa kalamu mfukoni na kikaratasi nilicholetewa na ofisi nijaze jina na asili yake, nikakilaza juu ya goti.

Bi Mwasiti akaitazama kalamu.

"Irudishe," akasema. "Langu mlilichukua bila kuniuliza. Hilo la bibi yangu siwapi."

Nikamwambia jina hilo silitaki kwa ajili yangu, ni la watoto wa shule. Akasema watoto wake wanalijua tayari kama anataka walijue. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakimtikisika, mpaka akavua miwani kufuta macho. Nikachanganyikiwa kabisa. Nikamuuliza, kwa heshima, kama kweli jina lipo au ananitania.

"Si ulikula sinia moja na watani, kaka yangu?" akasema. "Basi wewe nawe mtani. Jijue mwenyewe."

Akaingia ndani kuinjika mchele, akanitaka nisubiri chakula. Nilikula, na kilikuwa kitamu. Kabla ya kuondoka nilipita kwa wazee wawili wengine wa kijiji nikawauliza jina la zamani la ndege yule. Wote wawili wakasema mwasiti. Mmoja akaniongezea hadithi ya bwana harusi kipofu wa jicho moja.

Tangu hapo nalala na kuamka na swali hilo. Siku nyingine nina hakika analo, na ananifungia mlango kwa haki kabisa. Siku nyingine nadhani hakuna jina lolote, ni mama mmoja aliyengoja miaka yake yote anipate akae nami barazani na kunicheka. Wakati mwingine nawaza kwamba alilijua, na miluzi ya watu imelifuta hata kichwani mwake, na hataki kukiri mbele yangu. Kati ya hayo matatu sijui lipi linaniuma zaidi. Tulifundishwa kupima bawa bila kukosea hata kidogo. Hakuna bwana hata mmoja, wala Bwana Maliasili wala Mtaalamu, aliyetufundisha kuuliza neno limesemwa siku gani, na nani, na linatakiwa kuishi mpaka lini. Ningeulizwa leo kufundisha wasaidizi wapya, ningeanza na hilo, nyavu zingefuata baadaye.

Wiki mbili zikatimia. Kwenye kikaratasi cha ofisi nililikata jina la Mwasiti kwa mstari mmoja, nikakata na jina langu chini yake. Kwenye asili ya jina nikaandika kisa chote, matanga, watani na kisutu, nikaonyesha kwamba kosa ni langu. Binti alinipigia siku ya pili. Alikuwa amesoma mara mbili, alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua amlaumu mzee au ampe pole. Akasema sawa, jina la Bi Mwasiti litaondolewa. Lakini picha ya ndege ipo, ukurasa upo, na mchapaji anangoja. Watoto waambiwe anaitwa nani?

Nikamwambia sijui. Hakuna afisa hata mmoja niliyewahi kumjibu hivyo katika utumishi wangu wote. Akauliza kama kuna mtu yeyote anayejua. Nikamwambia labda yuko mmoja, Fukayosi. Akipenda aende kumsalimia na kumsaidia kuchambua mchele, ila kalamu aiache ofisini.